Jina la Mkwe Halitamkwi

Nilifika Iringa siku ya arobaini ya Bi Zuhura, kiuno kikiniuma kwa basi, nikaketishwa kwenye kile chumba nilicholala ujana wangu. Wamekiwekea marumaru na televisheni, dirisha wamelipanua, lakini baridi yake haijahama. Wasomaji walikuwa sebuleni wakiendelea na hitima, na sisi wanawake tumebanana chumbani na sahani za pilau, wengine wakilia kidogo, wengine wakila zaidi. Nyuma yangu vitukuu wawili wa marehemu walikuwa wakinong'onezana. Mmoja, Rehema, ameposwa na kijana wa Kijerumani, na wiki ile alikuwa ameitwa ubalozini kuhojiwa. "Eti wananiuliza mwenzangu analala upande gani wa kitanda!" "Ukajibuje?" "Nikasema sijui, hatujaoana bado." "Mama wee! Hapo umeharibu." Nikaangua kicheko, msibani, mtu mzima mimi, hadi mama mmoja akanikata jicho. Rehema akanigeukia, uso umemshuka. "Bibi, unanicheka mimi?" Nikamwambia, "Sikucheki wewe, mjukuu wangu. Mimi waliniuliza kidogo kuliko hicho, na nikashindwa." Wakasogea wote wawili na sahani zao, na sikuachwa nimalize hata pilau yangu.

Habari za ukoo wangu siziandiki hapa. Nawaachia wazee wa Rungwe, maana wao wanapenda kuhesabu mababu kuliko kula. Itoshe kusema kwamba katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mwanamke aliyeolewa, ng'ombe wametoka na wamepokelewa, na mume wangu Ambokile alikuwa seremala kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasaland. Kwetu sisi hiyo haikuwa nchi ya kigeni. Lugha ni moja, ndizi tunapika namna moja, na mto tulikuwa tunauvuka kwenda kumsalimia mgonjwa na kurudi kabla ya jioni. Ugeni wetu tulikuja kuambiwa na serikali. Ambokile alikuwa akitengeneza bodi za malori pale Iringa, akapata kazi kwenye migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, kazi ya mkataba wa miaka, na huko nyumba ilitolewa kwa mwanamume mwenye mke tu, tena mke mwenye kibali cha kuingia. Yeye mtu wa Nyasaland, mimi mtu wa Tanganyika, tunataka kuishi Rodesia: karani alipoyasikia alijikuna kichwa. Maombi yetu yakafunguliwa Iringa, na Ambokile akaniacha kwa Bi Zuhura, mwenye nyumba wake, niyasubiri. "Nitakuita mahindi kabla hayajakauka," akaniambia. Mahindi yakakauka, yakavunwa, yakapukuchuliwa, na mimi bado nipo.

Mwaka ule hauniji kwa mpangilio. Unanijia kwa harufu na sauti, kama mtu aliyeamka nusu. Nasikia adhana ya alfajiri ikipanda kwenye ukungu, kisha Bi Zuhura akijifunga kanga ya pili juu ya ile ya kwanza na kulalamika kwamba babu zake walikosa nini huko pwani hata wakaja kufia kwenye barafu. Nasikia cherehani ya mumewe, Mzee Athumani, ikianza barazani na kunyamaza, kuanza na kunyamaza. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la Ambokile, na msumari mmoja ambao nilitundikia gauni langu la safari, limepigwa pasi tayari. Nilikuwa nikilala naliangalia lile gauni mpaka naliona linatikisika lenyewe. Asubuhi tunakunywa chai ya tangawizi na chapati za jana, mchana mimi napika majani ya maboga kwa karanga, Bi Zuhura anaonja na kusema, "Hiki chakula cha milimani kina heshima zake." Jirani zake wakija kusuka ukili walizungumza kana kwamba mimi sipo. "Huyu bado anangoja?" "Bado." "Mwanamume wa migodini? Hee, huyo ameshapata mwingine." Bi Zuhura anawajibu, "Nyamazeni, majini ninyi," na mimi najifanya nachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

Sasa ni lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Kwetu mke hakutani na baba mkwe. Namwogopa, naye ananiogopa, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nikimsikia anakohoa njiani najitupa migombani na kufunika kichwa mpaka apite. Naye anakohoa makusudi ili nipate nafasi ya kukimbia, kwa sababu hata yeye hataki kuniona. Siketi anapoketi, simpi kitu mkono kwa mkono, na jina lake halipiti mdomoni mwangu. Hata neno la kawaida linalofanana na jina lake naliacha, natafuta jingine. Wajukuu zangu wasomi wananiambia, "Bibi, huo ni ukandamizaji." Sawa. Lakini nilipokuwa msichana niliwaona wake wapya wakikimbilia migombani, kanga zikipepea, wakicheka kwa woga, na nilitamani siku ambayo na mimi nitakuwa na mtu wa kumkimbia hivyo. Miezi michache niliyokaa kwa wakwe zangu kabla ya kuja Iringa, baba yake Ambokile nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake, na mara moja kwa visigino vyake vilivyopasuka, nilipochungulia chini ya majani.

Siku niliyoitwa kuhojiwa, Bi Zuhura alinipaka mafuta ya nazi mpaka nikang'aa. Ofisini alikuwapo Mzungu kijana, masikio mekundu kwa baridi, na karani wa kutafsiri, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake. Mambo yalikwenda vizuri. Jina la mume? Nikasema. Mama yake? Nikasema. Ng'ombe walitoka? Walitoka, na nikawaambia hadi yule mweusi aliyekataa kuvuka mto. Mzungu akatabasamu. "Na baba yake mumeo anaitwa nani?" Nikainamisha kichwa. Karani akadhani sijasikia. "Baba yake mumeo. Jina." "Ni mzee wa ng'ambo ya Songwe," nikasema. "Jina lake, dada." "Ni baba wa mume wangu." Mzungu akaacha kutabasamu. Karani akashusha sauti, kwa huruma kabisa: "Ukilijua, sema tu. Halikupunguzii kitu." Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu na moyoni nikawaza, ahaa, hapa ndipo penye mtego! Serikali inataka kujua kama mimi ni mke kweli au ni mwanamke wa njiani, na mke kweli atajulikana kwa kufunga mdomo. Basi nikaufunga. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba kuna watu duniani wasiojua jambo hilo. Wazungu walikuwa wanajua kutengeneza ndege; nitawezaje kufikiri kwamba hawajui habari za mkwe?

Nilirudi nyumbani naruka. Nilinunua bagia njiani za kusherehekea. Bi Zuhura alikuwa anakanda unga uani. "Vipi?" "Nimeshinda, mama! Wamenitega kwa jina la mkwe, sikulitaja." Mikono yake ikasimama kwenye unga. "Hukulitaja?" "Hata kidogo!" "Yaani umeulizwa jina la mkweo, ukakaa kimya?" "Kimya kabisa." Akajishusha polepole juu ya kibao cha mbuzi, kilichokuwa hakina hata nazi, akanitazama. "Ewe mtoto wa watu," akasema, "umejichongea mwenyewe." Bagia zile tulizila hivyo hivyo, na mpaka leo nikila bagia za moto nasikia uchungu.

Jibu lilikuja mvua zilipoanza. Karani wa Tanga alinipa kwa mdomo, na hakupenda kulitoa: bwana mkubwa amesema mwanamke asiyejua hata jina la baba wa mumewe hakuolewa, ameokotwa. Nafasi imebaki moja, kusikilizwa tena Mbeya, na nikikataliwa huko, basi tena. Wiki hiyo hiyo dereva wa lori alileta salamu za Ambokile. Nyumba yake ataishikilia hadi majira ya baridi. Baada ya hapo atapewa mwingine mwenye mke, na Ambokile atahamishiwa kwenye mabweni ya wasiooa mpaka mkataba uishe. Mimi ningerudishwa kwetu, mke asiye na mume wala talaka, na baada ya muda watu wangeanza kuulizana habari za wale ng'ombe.

Bi Zuhura hakuwa mtu wa kukaa na huzuni. Alimkamata dereva mmoja wa Karonga, akalipata kwake lile jina, akaja nalo jikoni. "Jina lenyewe ndilo hili tu?" akasema, akalitamka wazi, juu ya sufuria ya maharage. Nilipiga yowe nikatoka mbio mvuani. Alinifuata na ungo kichwani. "Liseme nusu basi!" "Siwezi." "Liseme kwa kunong'ona, mimi naziba masikio!" "Mama, siwezi!" Tulicheka, halafu sikujua kicheko kilikwisha saa ngapi kikawa kilio. Nataka nieleweke hapa: nilitaka kulisema. Nilimtaka mume wangu, nilimtamani mpaka mikono ikaniuma kwa utupu. Nilikwenda peke yangu nyuma ya nyumba, kwenye mpera, hakuna mtu, hakuna kuku, nikafungua kinywa nilitaje mara moja tu nijizoeze. Hakikutoka kitu. Niliona aibu kana kwamba nimevuliwa nguo sokoni, nikarudi ndani nimelowa.

Mchana mmoja, mvua inanyesha juu ya bati, nikawasikia Bi Zuhura na mumewe upande wa pili wa ukuta. "Mwache mtoto na mila zake," Mzee Athumani alikuwa anasema. "Mila gani hizo za kumkosesha mume?" "Wewe je? Tangu nikuoe, umewahi kuniita jina langu?" Nikamsikia Bi Zuhura akisonya. "Unaniita 'baba Mwajuma'. Ukikasirika unaniita 'huyo'." "Hilo ni jambo jingine," akasema Bi Zuhura. "Jingine vipi?" Mvua ikanyesha sana hapo katikati. Kisha nikamsikia akisema taratibu, sauti ya mtu aliyeona mlango: "Basi kama mtoto hawezi kulipeleka jina, mwenye jina aje mwenyewe."

Ujumbe ulikwenda kwa madereva, mdomo kwa mdomo, mpaka ng'ambo ya Songwe. Tukasafiri kwenda Mbeya, Bi Zuhura na mimi, kwenye gari lililopanda Sao Hill polepole hata abiria wakashuka kutembea pembeni. Barabara ile siku hiyo naiona bado: nyasi za dhahabu, ukungu umelala mabondeni, na upepo wa baridi unaobadilika kuwa joto ghafla tunapoteremkia Igawa. Hapo tulikula wali wa Usangu na samaki wa kukausha, kwenye majani, kando ya gari. Bi Zuhura alinilisha tonge la mwisho kwa mkono wake, kama bibi harusi. "Ukienda huko migodini," akasema, "usiniletee barua. Sijui kusoma. Niletee mtoto."

Mbeya tuliambiwa mzee wa ng'ambo ya Songwe ameshafika. Alitembea, akapanda lori la Tukuyu, akatembea tena, mtu wa umri ule, na alikuwa amelala upande wa pili wa mji makusudi, ili tusije tukagongana sokoni. Asubuhi ya kesi yangu Bi Zuhura alipanga kila kitu: mzee akae baraza ya nyuma, mimi niingie kwa mbele. Ofisa wa Mbeya alikuwa mtu mzima mwenye kiko, na karani wake alikuwa mtu wa kwetu, wa Tukuyu. Swali likaja, nami nikainamisha kichwa. Karani akaelewa mara moja. "Bwana, huyu hawezi kulisema. Kwetu mkwe hatajwi." Ofisa akatoa kiko mdomoni, akasema kitu, na karani akakitafsiri huku ameangalia chini: "Anasema, akikubali hilo, kila mwanamke asiyejua atakuja hapa aseme ni mila." Na haki alikuwa nayo, siwezi kumlaumu. Hapo Bi Zuhura, aliyekuwa ameambiwa akae kimya, akasimama na buibui lake. "Mwenye jina yuko nje! Muulizeni mwenyewe!" Ofisa akaashiria aletwe. Nikasema, "Hapana! Jamani, hapana!" Hakuna aliyenisikiliza.

Nikasikia kikohozi. Kile kile cha migombani, cha kunipa nafasi. Lakini mlango wa chumba kile ulikuwa mmoja, na yeye ndiye aliyekuwa anaupitia. Sikufikiri. Mwili wenyewe uliamua. Nilijitupa chini ya meza ya ofisa, nikasukuma miguu yake, nikavuta kanga juu ya kichwa, na chupa ya wino nikaisikia ikianguka. Wakati huo huo mlangoni kulikuwa na kishindo: mzee alikuwa ameona ncha ya kanga yangu ikiingia chini ya meza, akageuka kwa nguvu, akamparamia askari, na nikazisikia hatua zake zikikimbia barazani, fimbo ikigonga ukuta. Ofisa akauliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Nani anakimbia?" Karani akajibu, "Wote wawili, bwana."

Halafu sauti ikaja kutoka nyuma ya ukuta, ya mtu anayehema, kwa lugha yetu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema maneno. "Huyo ni mke wa mwanangu," ilisema. "Nilimtolea ng'ombe. Nimemwogopa tangu siku alipoingia kwangu. Mnataka nini zaidi?" Karani aliyatafsiri neno kwa neno. Ofisa alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Akainama, nikaona uso wake mwekundu umepinduka chini ya meza. "Mama, toka. Kibali utapata." Nikamwambia karani amjibu kwamba sitoki mpaka nihakikishiwe mzee amekwenda mbali. Bi Zuhura alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa buibui, sijui ya kicheko au ya nini, na yeye mwenyewe hakunieleza kamwe.

Bi Zuhura akarudi Iringa, na mzee akakataa niende mpakani peke yangu. Tukapanda lori moja la Tunduma. Yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia ya maharage, mgongo wangu umeelekea mgongo wake, ubao katikati. Tulisafiri hivyo mchana kutwa. Vilima vinapita, mvua nyepesi, jua, mvua tena, na mimi nasinzia na kuamka nisijue ndoto iko upande gani. Kabla ya Vwawa gari likasimama, dereva akaja nyuma na koti zito, la mwanamume, lina harufu ya tumbaku. "Mzee anasema, aliyeko nyuma ajifunike, mbele ya safari kuna baridi." Baadaye kidogo zikaja ndizi za kuchoma kwenye jani. "Mzee anasema, aliyeko nyuma ale." Tunduma alikohoa sana kabla ya kushuka, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na nikajifunika koti lake mwenyewe. Fimbo ikagusa chini. Ikasimama karibu na gari, muda, kana kwamba kuna la kusema. Nilikuwa na neno moja tu kinywani, na ningelitoa kwa furaha, lakini mke hasemi na mkwe. Fimbo ikaondoka. Nilipochungulia, watu walikuwa wengi barabarani, sikujua mgongo wake ni upi.

Alifariki sisi tukiwa migodini, na habari zilitufikia mvua zimekwisha kulinyeshea kaburi lake. Nyumba tulipewa, watoto tulizaa huko, na wa kwanza nilimpeleka kwa Bi Zuhura kama alivyoagiza. Tulirudi Mbeya tukiwa na mvi. Miaka michache kabla Ambokile hajafa, mzee mmoja wa Karonga alikuja kututembelea, akamshika mkono asiuachie. "Ee, wewe! Umekuwa baba yako mtupu! Pua, macho, hata unavyokunja uso hivi." Mimi nilikuwa nimebeba sinia la ndizi, na macho yangu yakaanguka chini yenyewe. Nikaweka sinia, nikatoka, nikakaa jikoni mpaka mgeni akaenda zake. Kisha nikarudi, nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya mume wangu, nikainua uso na kumtazama, pua, macho, paji la uso, bila haraka. Akaona haya, mtu mzima yule. "Una nini wewe leo?" akaniuliza.

"Ahsante," nikamwambia, "kwa kuja Mbeya."